Samaki wangu kangaja ana madoa meupe na jicho moja limevimba: ni jeraha au ni ugonjwa?

Mfugaji wa Nyali aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nina tangi la maji ya bahari la lita 400 hapa Mombasa, lenye matumbawe laini, kamba wawili na samaki mmoja aina ya kitatange. Wiki tatu zilizopita nilimwongeza kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano mgongoni, niliyemnunua kwa wavuvi wa pwani ya kusini. Jumatatu ya wiki jana niliona madoa meupe kama punje za chumvi kwenye mapezi yake ya ubavuni, yapata kumi na mawili. Kufikia Alhamisi yalikuwa yamebaki mawili tu, nikamshukuru Mungu nikidhani amepona. Leo yamerudi, safari hii hadi usoni, na jicho la kushoto limevimba na kuingia ukungu. Bado anakula mwani, ingawa mara kwa mara hujikwaruza ubavu kwenye mawe. Chumvi ni sehemu 35 kwa elfu, joto ni nyuzi 26, na kipimo hakionyeshi amonia. Muuzaji mmoja wa vifaa amenishauri nimimine dawa ya shaba tangini leo hii. Naomba ushauri wenu kabla sijafanya jambo nitakalolijutia.

Fundi Maji alijibu:

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kumimina. Shaba ukiitia katika tangi hilo utawaua kamba na matumbawe, na mawe na mchanga vitainyonya kiasi kwamba hutajua samaki mwenyewe anapata dawa kiasi gani.

Katika maelezo yako, kilichonisaidia zaidi ni zile siku ulizozitaja kuliko madoa yenyewe. Kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans hujichimbia ndani ya ngozi ya samaki na kumla kwa siku 3 hadi 7, kisha humwachia, huanguka chini, hujifunga ndani ya gamba gumu juu ya jiwe au mchanga, na humo hugawanyika na kuzaa vimelea wachanga wengi ambao hutoka kumtafuta samaki upya. Kwa hiyo ile Alhamisi uliyoshukuru, samaki wako hakuwa amepona. Vimelea walikuwa wameshuka kwenda kuzaana. Wafugaji wengi hupoteza samaki hapo hapo, kwa kuwa husitisha uangalizi siku ambayo ngozi inaonekana safi.

Hata hivyo, usishike neno langu kabla hujaondoa shaka ya kimelea kingine, Amyloodinium ocellatum, maana huyo huua kwa siku chache. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, mulika tochi ubavuni mwa samaki kutoka upande, ili mwanga uteleze juu ya ngozi. Ukiona punje unazoweza kuzihesabu, huyo ni Cryptocaryon. Ukiona kama amepakwa unga mwembamba wenye rangi ya vumbi au dhahabu, huyo ni Amyloodinium, na ni jambo la dharura. Huyo hushambulia matamvua, yaani viungo vya kuhemea, mapema, mara nyingi kabla ngozi haijaonyesha kitu: samaki huhema kwa kasi, huacha chakula, hukimbia mwanga na hupenda kusimama mbele ya mkondo wa pampu. Mngoje atulie, uhesabu matamvua yanafunguka mara ngapi kwa dakika moja, uandike, na urudie kesho saa ile ile. Linganisha hesabu ya kangaja huyo na hesabu yake mwenyewe, kwa kuwa kila aina ya samaki ina mwendo wake wa kuhema.

Mama Mwani alijibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu madoa, lakini jicho ningelitenga na madoa. Jicho moja likivimba peke yake, mara nyingi chanzo ni kugongwa au kukwaruzwa, na samaki anayejisugua mawe kwa sababu ya muwasho huweza kujiumiza kwa urahisi. Yakivimba yote mawili, hapo ndipo ninaposhuku bakteria waliomwingia mwilini au maji yenye kasoro. Mtazame pia kitatange kwa makini: kangaja ana kiwembe kila upande wa shina la mkia, na jeraha analomtia mwenzake huwa ni mkato mwembamba ulionyooka, magamba yakiwa yamekatika kama kwa wembe, tofauti kabisa na kidonda chekundu chenye kingo zinazozidi kutanuka. Jicho lililoumia, maji yakiwa safi na samaki akila, kwa kawaida hupungua lenyewe. Nakusihi usimkimbize na wavu ili umchunguze, maana nimewahi kumtoboa samaki jicho kwa njia hiyo hiyo.

Mfugaji wa Nyali aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimemmulika usiku wa jana na wa leo. Ni punje, na nimezihesabu hadi thelathini na moja upande wa kulia, hakuna unga. Matamvua yalifunguka mara 84 kwa dakika jana na mara 86 leo, na hakimbii taa. Kitatange hana mkato wala doa lolote. Je, nimwache kitatange tangini?

Fundi Maji alijibu:

Usimwache. Madoa yanaweza kuwa ndani ya matamvua yake mahali usipoweza kuyaona, na samaki mmoja akibaki, vimelea watakuwa na pa kuishi. Wahamishe wote wawili katika tangi la matibabu lisilo na mawe wala mchanga, uwawekee vipande vya mabomba ya plastiki wajifiche humo. Ukitumia shaba isiyofungwa na kemikali nyingine, iweke kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, uipandishe polepole kwa muda wa siku mbili, na uipime kila siku pamoja na amonia, kwa kuwa tangi jipya halina bakteria wa kuisafisha. Matumbawe na kamba wabaki walipo bila samaki yeyote kwa siku 76, kwa sababu yale magamba ya vimelea yaliyo mchangani huweza kukaa muda mrefu kabla ya kupasuka. Kangaja muhamishe alfajiri, taa zikiwa bado zimezimwa, kwa chombo cha plastiki badala ya wavu, ili lile jicho lisiguswe.