Tupeane uzoefu: pikipiki ya rangi mati, unaioshaje hapa Goma?

Mwanzisha mada (Ndosho)
Bakubwa, salamu. Nina pikipiki nyeusi ya rangi mati, ile isiyong'aa, naendea nayo kazini kila siku. Wenye rangi za kawaida ikichakaa wanapiga polishi, basi. Kwetu polishi ndiyo adui. Wiki hii kijana wa lavaji, pale wanapoosha pikipiki, alikuja na kitambaa chenye mazuti (dizeli), "ing'ae kidogo, mukubwa". Nilimshika mkono kabla hajafika kwenye tanki. Wenye rangi hii, semeni mnafanyaje. Leteni mliyoyaona kwa macho yenu, si ya kusikia.

Fundi rangi, Birere
Ulifanya vizuri kumzuia. Rangi mati nayo ina vanishi, ila imechanganywa na unga laini unaoacha vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukigonga hapo unatawanyika, ndiyo maana haing'ai. Ukisugua kwa nguvu unavisawazisha vile vinundu. Ukipaka nta, siraji (dawa ya viatu) au mazuti, unajaza nafasi zilizo kati yao, unabaki na mabaka yanayong'aa. Mafuta nitakutolea kwa sabuni na subira. Pale palipokwisha kusuguliwa, hapana: hakuna dawa ya kurudisha ile hali ya mati. Ni kupiga rangi kipande kizima, tanki lote au madigadi yote, maana ukigusia kidogo tu, mpaka wa rangi mpya na ya zamani utaonekana hadi barabarani.

Tena wengi wanaoniletea tanki hawakuanguka wala kugongwa. Limeng'aa pande mbili, pale magoti yanapobana, kwa sababu ya jinzi. Bandikeni raba ya tanki mapema, rangi ikiwa bado mpya.

Dada wa Katindo
Kwangu shida ni ndege, naegesha chini ya mparachichi. Nalaza kitambaa chenye maji juu ya uchafu, nausubiri ulainike, kisha nanyanyua. Sisugui hata kidogo. Wadudu waliokaukia mbele ya taa, vilevile.

Motari (dereva wa pikipiki ya abiria), Majengo
Mimi nitasema juu ya vumbi. Barabara zetu nyingi zimemwagiwa mawe ya volkano yaliyopondwa, na kuna mitaa iliyojengwa juu ya lava yenyewe ya 2002. Chukua lile vumbi jeusi, lisugue kati ya vidole viwili: linakwaruza. Huo ni msasa. Sasa mtu anachovya eponji kwenye ndoo, anaanza kuzungusha juu ya tanki lenye vumbi hilo, halafu anashangaa kuona mikwaruzo ya duara!

Kwa hiyo maji kwanza, mengi, juu kwenda chini, bila mkono kugusa chochote. Naendelea mpaka yanayodondoka chini ya injini yawe meupe. Hapo ndipo natoa kitambaa cha mikrofaiba na ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Naanza tanki, namalizia magurudumu, na kitambaa cha magurudumu hakipandi juu hata siku moja. Omo siiweki, ni kali. Natumia shampuu ya gari isiyo na nta. Kibandiko kikiandika kwamba inang'arisha, naiacha dukani.

Mashine ya presha isogezwe mbali, hasa na stika na mnyororo.

Mzee wa Himbi
Wanangu, msisahau maji yenyewe. Vijana wanaoshea ufukweni, lakini maji ya Kivu yana chumvichumvi na magadi. Yakikauka juani juu ya rangi nyeusi yanaacha alama nyeupe, na hizo alama ndizo zinamfanya mtu asugue. Osha asubuhi au jioni, kivulini, injini ikiwa imepoa. Kisha kausha papo hapo kwa kugandamiza kitambaa kikavu, usikiburute.

Maji ya mvua ni mazuri kwa kusuuzia. Ila siku volkano zetu, Nyiragongo au Nyamulagira, inafuka sana, mvua inashuka na majivu na asidi. Hiyo usiikinge. Na pikipiki ikinyeshewa nayo, isuuze siku hiyohiyo.

Mwanzisha mada
Asante, mzee, na asante fundi. Swali moja limebaki: sisi wengine tunanunua petroli kwa makadafi, wale wauzaji wa kando ya barabara, kwa bidoni na faneli, na lazima imwagikie tanki. Hapo mnafanyaje?

Fundi rangi, Birere
Tembea na kitambaa chini ya kiti. Kizungushe kwenye mdomo wa tanki kabla kadafi hajamimina. Tone likiponyoka, ligandamize palepale, usilipanguse kwenda pembeni, maana utalitandaza. Ukifika nyumbani pitisha maji ya sabuni, suuza. Kadafi akikuharakisha mwambie asubiri, petroli ikikaa juani inaweza kuacha doa ambalo hata mimi nitalitoa kwa kupiga rangi tu.