Mmisri wa kale atavukaje barabara yenye magari?

Swali
Wadau, yule mtu wa kwenye kuta za makaburi ya Misri: kichwa ubavu, mabega mbele, miguu ubavu tena. Barabara ya njia mbili ataivukaje na shingo hageuzi?

kalamu_ya_tete
Shingo si shida. Jicho limechorwa zima, kama la mtu anayekutazama, kwa hiyo anakuona hata wewe uliyesimama kando. Shida ni miguu. Hadi Ufalme Mpya (kipindi cha Misri ya kale kilichoanza kama 1550 KK), nyayo zote mbili kwa kawaida zilichorwa kwa upande wa ndani, kidole gumba mbele. Kwa kifupi ana miguu miwili ya kushoto. Akikimbia tu, chali!

miraba18
Ongeza vipimo. Wachoraji walipiga mistari ya miraba ukutani kwa kamba iliyochovywa rangi nyekundu, na aliyesimama alipewa miraba 18 toka unyayo hadi nywele zinapoanzia. Nasaba ya 26 (ukoo wa mafarao wa baadaye sana) ikaleta miraba 21, hadi kope ya juu. Taa ya kijani itazimika fundi bado anahesabu.

Swali
Na vibao atavisomaje?

kalamu_ya_tete
Atazame ndege kwenye maandishi yao ya picha. Wanakoelekea midomo ndiko mstari unakoanzia. Wakitazama kulia, anza kulia. Akisoma kinyume, atajikuta katikati ya malori.

miraba18
Farao asiwape presha, anachorwa mkubwa kuliko wote, dereva atamwona toka mbali. Waonee huruma watumishi wanaoishia magotini pake.