Wapaka rangi ya poda, acheni kuua vipuri vya injini vya alumini!

Wadau, inatosha. Kipuri kinapelekwa kizima, kinarudi kinang'aa na kuvutia macho, kumbe nguvu imeshakwisha. Meno ya bolti yakivuka au siti ya valvu (pete ambayo valvu hukalia) ikilegea, lawama zote kwa alumini: eti ni laini, haitaki joto. Uongo mtupu! Rangi ya poda ni unga unaopulizwa kwenye kipuri kisha kuokwa; ya kawaida huiva kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20. Alumini ikipita hapo mara moja, kwa vipimo, haipotezi cha kutisha. Kinachoiua ni pupa.

Kosa linalotia hasira kuliko yote ni kuingiza alumini kwenye tanuri la kuchomea rangi ya zamani. Humo joto hupita 350 na kipuri hukaa saa nyingi. Brakiti ya chuma itatoka salama. Lakini aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) iliyokomazwa kwa T6, yaani kuongezwa ugumu kwa joto, ilipashwa kiwandani hadi karibu 540, ikapozwa ghafla, kisha ikaokwa kwa saa kadhaa kati ya 150 na 180. Ugumu wake umo kwenye chembe ndogo mno zilizojitenga ndani ya aloi wakati wa kuokwa. Ukiifikisha 400, chembe hizo huungana, zikawa kubwa na chache, na ugumu unaondoka nazo. Aloi ya alumini iitwayo 6061, yenye T6, huanza kupinda bila kurudi kwenye MPa 276 hivi (MPa ni kipimo cha mkazo). Ikilainishwa kabisa, MPa 55. Imebaki moja ya tano! Na jicho halioni kitu, maana alumini haiwi nyekundu kama chuma. Ni kipimo cha ugumu tu kitakachokuambia: Brinell 95 imeshuka hadi 30.

Rangi ya zamani iondoeni kwa dawa ya kubandua inayofaa alumini, kisha mmalizie kwa kupuliza shanga ndogo za kioo. Kostiki soda marufuku, inakula alumini yenyewe. Changarawe ya chuma nayo msiguse, huacha chembe za chuma usoni na baadaye kutu inachipuka chini ya rangi. Na kabla ya kupuliza chochote, zibeni njia za oili. Punje moja ikibaki humo, itaishia kwenye beringi.

Pili, geji ya oveni. Inasoma joto la hewa! Dakika za kuiva huhesabiwa tangu kipuri chenyewe kifike joto linalotakiwa. Tapeti kava (kifuniko cha juu cha valvu) jembamba hufika mapema, krankikesi (nyumba ya krankishafti) nene inachelewa sana, nanyi mnazipanga oveni moja kwa saa moja. Moja inatoka mbichi, nyingine imepitiliza. Fungeni themokapo (waya za kupimia joto kwa kugusa kipuri) mbili, moja kwenye unene mkubwa, nyingine kwenye mapezi membamba. Zile bunduki za kupimia joto hudanganya mbele ya alumini tupu: uso unaong'aa hutoa mionzi kidogo, kwa hiyo namba inasomeka chini ya ukweli, na fundi anazidisha moto. Kama elementi ziko wazi, ziwekewe ngao ya bati, la sivyo upande unaozitazama utakuwa na joto kuliko hewa yote ya oveni.

Sasa mapovu, maana hapa ndipo uharibifu unapofanyika polepole. Alumini ya kumiminwa ina vinyweleo, na miaka ya kazi imevijaza oili. Joto likipanda, gesi hutoka na kutoboa poda iliyokwisha kuyeyuka. Mnachofanya ni nini? Mnapandisha hadi 230 ili "itoe yote", mnabandua, mnarudia mara tatu. Joto la kila mzunguko linajumlika na la mzunguko uliopita, aloi haisahau. Oshani kwa dawa ya kuondoa grisi, kisha okeni kipuri kikavu kwenye joto lile lile la poda, au nyuzi 10 juu yake, kwa nusu saa hadi saa moja tangu kipuri kifike joto hilo. Kikitoa jasho la oili, kiacheni kipoe, kioshwe, kirudie. Halafu tumieni poda iliyotengenezwa kuvumilia gesi. Zipo pia poda zinazoiva kwenye 150 au 160. Kwa kipuri kinachobeba mzigo mkubwa, ulizeni hizo kwanza.

Halafu kuna anayetupia ndani silinda hedi ikiwa na siti na gaidi zake (mirija inayoongoza valvu). Fanyeni hesabu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwenye siti ya milimita 40, joto likipanda nyuzi 180, tundu hutanuka kuliko siti kwa takriban milimita 0.08. Mbano uliopigwa kiwandani uko karibu na kiasi hicho hicho! Siti ikisogea kidogo tu, hedi imeharibika. Hedi ya namna hiyo isipakwe poda. Kwenye krankikesi, toeni beringi, bushi na oili sili zote kabla ya oveni.

Ufunikaji nao ni aibu. Nyuso za gasketi, viti vya beringi, matundu ya pini na meno ya bolti vyote vizibwe kwa plagi za silikoni na tepu ya joto kali. Rangi yenye unene wa maikroni 60 hadi 100 ikibaki chini ya kichwa cha bolti hubonyea taratibu injini inapopata moto, na bolti inalegea. Sehemu ya waya wa ethi ibaki alumini tupu. Kipuri kikitoka, kining'inie kipoe chenyewe. Asimwagie mtu maji.

Wateja, mkikabidhi kipuri ulizeni maswali mawili: rangi ya zamani itatolewaje, na themokapo itafungwa wapi. Akianza kubabaika, chukueni mali yenu.