Mjadala: Ruzuku za ushirikiano wa makumbusho, nani ashike mfuko?

Mwana wa Lindi
Waungwana, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Kituo cha Ujerumani kilichoko Magdeburg, kinachogharimia utafiti wa asili ya vitu vilivyomo katika makumbusho, tangu mwaka 2019 hufadhili pia utafiti wa mikusanyo iliyotoka makoloni, lakini wanaoruhusiwa kuomba ni taasisi za Ujerumani. Maana yake ni kwamba sisi tunaingia katika bajeti ya vitu vyetu wenyewe kama wageni waalikwa, na kila shilingi itakayotumika Dar es Salaam au Songea huombwa kwanza kwa mhasibu wa huko. Mimi nasema fungu la Tanzania liingie katika akaunti ya Tanzania, na Makumbusho ya Taifa iwe mwombaji mwenza. Kati ya mwaka 1909 na 1913 babu zetu walibeba mifupa ya dinosaria ya kilima cha Tendaguru, zaidi ya tani 200, kwa miguu hadi bandarini Lindi, wala hakuna aliyewadai risiti. Leo mjukuu wao akipanda bodaboda kwenda kilima kile kile, anadaiwa. Najua pia kwamba kikwazo kingine kiko kwetu, kwa sababu wahasibu wa taasisi zetu hawafungui faili mpaka wanuse posho.

Mhasibu Mstaafu
Ndugu Mwana wa Lindi, hoja yako ya akaunti nitaijibu siku nyingine. Leo nijibu ya posho. Wapagazi hao uliowataja walilipwa ujira, tena mdogo, na kama malipo hayo yasingeandikwa, wewe leo usingekuwa na la kusimulia.

Fedha za serikali kuu ya Ujerumani huja na sharti kwamba zikishachukuliwa zitumike ndani ya wiki 6, na mwaka wao wa fedha hufungwa tarehe 31 Desemba, ilhali wetu hufungwa tarehe 30 Juni, na fedha ya mfadhili ikiingia taasisi ya umma sharti itambuliwe kwanza katika bajeti ya Serikali. Katika mradi mmoja niliousimamia, ambao sitautaja, fungu liliingia wiki ya kwanza ya Novemba; kibali cha matumizi kilipotoka, katika zile wiki 6 zilikuwa zimebaki 2, mvua zimeanza kukata barabara, na mkuu wa mradi anawaambia watu kwamba namkwamisha kwa kuwa sijapewa chochote. Nilichokuwa nakingoja ni saini.

Na risiti unazozibeza, nikueleze. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto. Mkaguzi alipofika baada ya miaka 2 alikuta vikaratasi vyeupe pe, havina hata tarehe. Kilichotuokoa ni binti mmoja wa masijala, ambaye kila jioni alikuwa akitoa nakala ya kila risiti na kuibana kwa pini nyuma ya hati ya malipo. Binti huyo hakupewa posho hata ya maji ya kunywa.

Bi Hifadhi
Mzee wangu Mhasibu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini neno posho limetajwa mara nyingi hapa bila mtu kuuliza nani huitwa mpokea posho na nani huitwa mtaalamu. Nimekaa na jedwali la bajeti la mradi wa pamoja mapajani, nikasoma fungu la wataalamu: profesa kutoka Ulaya, siku 10, kwa kiwango cha siku. Nikashuka chini hadi fungu la gharama za vijijini: wazee 12, soda, maji, nauli. Wazee hao walikaa siku mbili wakitaja kifaa kimoja kimoja kwenye picha, hiki ni cha tambiko, hiki ni cha mganga, hiki hakitakiwi kuguswa na mtu asiyetawazwa, na kabati la makumbusho kule lilikuwa limeandikwa "kijiti" kwa zaidi ya miaka 100. Profesa aliandika waliyoyasema. Kati yao, mtaalamu ni nani?

Msomaji wa Mombasa
Dada, hilo ni la utu na ninakuunga mkono, ila mjadala ulikuwa wa mfuko. Huku Kenya, kati ya mwaka 2018 na 2021, Makumbusho ya Taifa na wasanii wa Nairobi walishirikiana na makumbusho za Köln na Frankfurt, Ujerumani, kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, wakapata zaidi ya 32,000, na Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, ikawa katikati yao. Naona heri mfuko ukae kwa mtu wa katikati. Jambo linaloniuma mimi ni gharama za uendeshaji: umeme wa stoo, mlinzi wa usiku, kiyoyozi kinachozuia ukungu. Wamarekani wanakupa asilimia 10 basi, na Ulaya nadhani ni hiyo hiyo.

Mhasibu Mstaafu
Marahaba, Bi Hifadhi, nakuja kwako. Kwanza kaka wa Mombasa: hiyo 10 ya Wamarekani, kwa taasisi isiyo na kiwango chake ilichokubaliana nao, ilipanda kuwa 15 tangu Oktoba 2024. Umoja wa Ulaya una viwango tofauti: ruzuku za misaada ya nje mwisho wake ni 7, za utafiti chini ya mpango wake wa Horizon ni 25. Makumbusho ile ile, stoo ile ile, kiyoyozi kile kile. Tofauti ni mlango ulioingilia. Juu ya hayo, thamani ya euro ikishuka mkononi mwako, hasara ya kubadilisha fedha Ulaya hailipi.

Mwana wa Lindi
Mzee, nafuta neno "wanuse", lakini silifuti neno "posho". Nimewahi kuambiwa kikao cha kupitia bajeti hakiwezi kufanyika ofisini, lazima tuhamie mji mwingine. Sasa unaposema ulingoja saini, mwenye saini alikuwa anangoja nini?

Mhasibu Mstaafu
Hilo muulize mwenye saini. Mimi nilikuwa na kalamu ya kujaza fomu.

Bi Hifadhi, suala lako lina jibu, na jibu liko kwenye karatasi, si kwenye huruma. Wazee wakiandikwa "washiriki wa kikao", hakuna mkaguzi atakayekubali zaidi ya nauli na chakula. Wakiandikwa tangu siku ya kuomba ruzuku kuwa wataalamu wa utambuzi, kila mmoja kwa mkataba wa ukurasa mmoja wenye jina, kazi, siku na kiwango, watalipwa kama profesa na hakuna atakayehoji. Ila mkataba wa utaalamu una kodi ya zuio ya asilimia 5, na TRA, mamlaka ya mapato, watataka namba ya mlipakodi.

Bi Hifadhi
Mzee wa miaka 80 na zaidi huko kijijini, namba ya mlipakodi ataitoa wapi? Ana dole gumba. Ninayo hati moja hapa, ukurasa wa daftari la hesabu la mwanafunzi, wenye miraba: "Nimepokea shilingi 15,000 kwa kuwaonyesha wageni kaburi", halafu dole la wino wa bluu lililoteleza kidogo. Wajerumani waliirudisha mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu haina tafsiri, mara ya pili kwa sababu dole halisomeki.

Mhasibu Mstaafu
Basi dole gumba liwe na shahidi, na shahidi awe mtendaji wa kijiji, agonge muhuri pembeni. Nimewahi kupitisha hati za namna hiyo 40 na zaidi bila hoja ya mkaguzi. Tatizo ni kwamba watendaji wengine hutoza fedha kwa muhuri wao.

Mwana wa Lindi
Na hiyo ya muhuri tunaiandika fungu gani?