Chuma, mashine au uzito wa mwili? Nina siku tatu tu kwa wiki

KitiChaOfisi
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 43 na kazi yangu ni kukaa kutwa nzima mbele ya kompyuta. Juzi nimepandisha begi la kilo 20 hadi ghorofa ya tatu, nikasimama njiani mara mbili natweta. Nimekoma. Sitafuti kifua cha kupigia picha, nataka nguvu ya kuzeekea nayo. Nafasi yangu ni siku tatu kwa wiki, dakika 45 kila siku. Naona njia tatu: uzito wa mwili nyumbani, mashine za jimu, au vyuma. Mliopita zaidi ya njia moja, nilinganishieni. Wale wa "inategemea" naomba wapite kimyakimya.

PushapuMia
Anzia nyumbani, mkuu. Hakuna safari, na safari ndiyo inayoua mazoezi ya wengi. Halafu usidharau mwili wako: pushapu ya kawaida unasukuma karibu theluthi mbili ya uzito wako, ukiweka magoti chini inashuka mpaka kama nusu. Kwa hiyo ngazi ipo tayari: ukutani, mezani, magotini, sakafuni, kisha miguu juu ya kiti. Mimi nilianzia ukutani, na ukuta haukunicheka.

MzeeWaNondo
Hayo ni ya kifua na mikono. Miguu je? Skwati (kuchuchumaa na kuinuka) za mikono mitupu, baada ya miezi miwili mtu anapiga 40 huku anaongea. Hapo anajenga pumzi, nguvu ameshaiacha nyuma. Uzuri wa chuma ni kwamba kinaongezeka kidogo kidogo. Nondo ndefu tupu ni kilo 20. Ukiweka kisahani cha 1.25 kila upande, ni 22.5. Wiki ijayo 25. Wagiriki wa kale wana hadithi ya Milo wa Croton, mpiga mieleka aliyembeba ndama kila siku hadi ndama akawa fahali. Ni hadithi tu (na fahali hakuulizwa maoni yake), lakini kanuni ndiyo hiyo.

DadaMgongo
Nakubali kanuni, ila ndama wangu alikua haraka mno. Kocha wangu wa kwanza, jimu sitaitaja, alinipandishia uzito wiki ya tatu huku yeye anachati. Nanyanyua nondo kutoka sakafuni, mgongo ukajikunja, nikalala chali siku kumi. Niliporudi nilikaa kwenye mashine miezi minne na sijutii. Mashine inakushikia njia, unaweza kusukuma mpaka karibu na kushindwa bila kitu kukuangukia. Ubaya wake ni kwamba watu wanakalia kiti alichokiacha mtu mwingine. Kwenye ile ya kunyoosha miguu, angalia pale chuma kinapojikunjia. Goti lako lielekeane na hapo hapo. Likiwa mbele au nyuma, litakulalamikia usiku. Na ukweli usemwe: mashine inakufanyia kazi ya kusawazisha mwili, na begi la ngazini halina njia ya kushikiwa.

PushapuMia
Kwenye miguu Mzee kanikamata. Lakini weka mguu wa nyuma juu ya kiti, piga skwati kwa mguu mmoja ukiwa na begi la vitabu mgongoni, kisha urudi hapa uniambie kuhusu hizo 40. Penye pengo kweli nyumbani ni kuvuta. Bila chuma cha kuning'inia, mgongo wa juu unabaki bila kazi.

DaftariLaJasho
Msuli haujui kama unasukuma chuma au sakafu. Seti, yaani marudio ya mfululizo kabla ya kupumzika, ziwe za marudio 5 au 30, zote zinaukuza, mradi umalizie karibu na kushindwa. Ukitaka nguvu yenyewe, uzito mkubwa kwa marudio machache unashinda. Tahadhari moja: wiki za mwanzo utaongeza uzito kwa kasi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuuita msuli, na kano huimarika polepole kuliko msuli. Hapo ndipo wengi huumia. Kuhusu siku, Shirika la Afya Duniani linasema angalau siku mbili kwa wiki kwa misuli yote mikubwa, kwa hiyo tatu zinakutosha. Kutembea kuko palepale, dakika 150 kwa wiki.

KitiChaOfisi
Asanteni. Sikusema: presha yangu hupanda kidogo.

DadaMgongo
Kaka, hilo ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza. Mwone daktari kabla ya kugusa chochote kizito. Na usibane pumzi ukisukuma, maana presha inaruka hapo hapo. Toa pumzi unapopandisha, vuta unaposhusha.

MzeeWaNondo
Naunga mkono. Jingine: ukilala kwenye benchi bila mtu wa kukusimamia, usifunge vibanio vya visahani. Ukishindwa, inamisha nondo upande mmoja vimwagike. Kelele na aibu utapata, lakini shingo itapona.

KitiChaOfisi
Basi, daktari akiniruhusu: siku mbili jimu, miguu na kuvuta kwa mashine kwanza, nondo tupu baada ya mwezi. Siku ya katikati nyumbani na pushapu. Ila nasikia inabidi nipumzike dakika mbili hadi tatu kati ya seti. Dakika 45 zitatosha wapi?

DaftariLaJasho
Mazoezi manne, seti tatu tatu, jumla 12. Kila seti na mapumziko yake ni kama dakika tatu, hiyo 36. Tisa zilizobaki ni za kupasha mwili moto.

KitiChaOfisi
Hesabu imekubali. Na kocha akianza kuchati?

DadaMgongo
Weka chuma chini, msubiri amalize.