Mjadala: Mkaa upigwe marufuku mijini, au usimamiwe kule unakokatwa?

Mwana Pugu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tuujadili mkaa bila ushabiki, maana kila mvua ikichelewa au ikija kwa fujo, kidole cha kwanza kinamwelekea mtu aliyeinama mbele ya jiko la mkaa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kupiga marufuku mkaa hakutaokoa misitu yetu, na mchango wake katika kupunguza joto la dunia utakuwa wa kwenye makaratasi. Kinachoamua kama mkaa unaharibu hali ya hewa ni kile kinachotokea kwenye kisiki baada ya gunia kuondoka. Msitu ukiachwa ukachipua, sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyotoka jikoni inanyonywa tena na miti inayokua. Pakilimwa mahindi au ufuta, hairudi. Sisi kelele zote tunazipiga jikoni, kwenye kisiki tunanyamaza.

Kuna mambo sibishani nayo. Serikali inasema tunapoteza karibu hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Shule ya bweni ina bajeti, ina jiko moja, inaweza kufungiwa mfumo na ikakaguliwa. Ugomvi wangu unaanza pale hoja hiyohiyo inapobebwa kama ilivyo na kupelekwa kwa mtu wa chumba kimoja anayenunua mkaa wa kopo.

Marufuku tumeshaijaribu. Januari 2006 mkaa ulizuiwa Tanzania; amri haikumaliza hata mwezi. Kenya walisimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wakaja kuiondoa amri hiyo Julai 2023. Uganda, Rais Museveni alizuia mkaa wa biashara kutoka kaskazini mwa nchi Mei 2023. Mahitaji ya mjini hayasomi amri. Yanatafuta njia nyingine, ya usiku zaidi na ya rushwa zaidi, na serikali inakosa hata ule ushuru mdogo uliokuwa unalipia walinzi wa msitu.

Sasa sayansi. Uchafuzi mkubwa wa mkaa mtu wa mjini hauoni kabisa, kwa sababu unatokea kwenye tanuri. Mchoma mkaa anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha, kisha anayaacha yaungue taratibu kwa siku kadhaa bila hewa ya kutosha. Kwenye tanuri la kienyeji, kilo 100 za kuni mara nyingi hazitoi hata kilo 20 za mkaa. Zilizobaki zimeondoka kama mvuke, moshi na gesi, ikiwamo methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Magogo yakiwa mabichi, au udongo ukipasuka na tanuri likaachwa bila mwangalizi, hasara inaongezeka. Magogo yaliyokauka, yaliyopangwa vizuri, na bomba la kutolea moshi vinapunguza idadi ya miti inayokatwa na gesi inayotoka kwa mpigo mmoja, kabla hujamgusa mpishi yeyote wa mjini. Lakini mchoma mkaa aliyepigwa marufuku hawezi kufundishwa tanuri bora. Anachoma kwa kujificha, kwa haraka, na anahama kesho.

Gesi ya mtungi nayo tuiseme ilivyo. Nasikia watu wanadhani ni gesi yetu ya Mtwara. Ya Mnazi Bay na Songo Songo ni methani. Inakwenda kwenye mitambo ya umeme, viwandani, na kwa nyumba chache zilizofikiwa na bomba. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, inashuka bandarini kwa meli na inalipiwa kwa dola. Ni safi kwa mapafu kuliko mkaa, hilo halina ubishi. Ila nchi inayoweka mayai yake yote humo imejifunga kwenye soko la mafuta ambalo hailiamui.

Kwa hiyo mimi nasema: mjini tusukume umeme kwanza, gesi iwe daraja, vijijini mkaa uhalalishwe ndani ya misitu ya vijiji yenye mpango wa uvunaji. Karibuni, anayepinga aje na hoja.

Muuguzi wa Zamu

Mleta mada, umeandika vizuri kuhusu kisiki, ila kwenye maandishi yako yote mapafu umeyapa sentensi moja. Takwimu ambayo serikali yenyewe huitaja ni vifo kama 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Wodini sisi tunawaona wakiwa bado hai: mtoto wa miezi minane, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na ukimuuliza mama anapikia wapi anakwambia mlangoni, na mvua ikinyesha ndani.

Na mkaa una hatari ambayo kuni hazina kwa kiasi hicho: unadanganya. Ukishakolea hauna moshi, mtu anaona ni salama, anaingiza jiko chumbani wakati wa baridi, anafunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoa haina harufu wala rangi. Asubuhi majirani wanavunja mlango.

Msitu ukikatwa kwa mpango utarudi, sawa. Mapafu hayarudi. Mimi nataka tarehe ya mwisho ya mkaa mijini, na nataka iwe karibu.

Mjumbe wa Kamati, Kilosa

Salaam wakuu. Mimi niko kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, na huku tumeufanya huu mkaa wa mpango tangu mradi wa mkaa endelevu ulipoanza 2012, kwa hiyo niwaeleze unavyokwenda.

Kijiji kinapima msitu wake na kutenga eneo la mkaa. Eneo linagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Unavuna kitalu kimoja, cha jirani unakiacha kimesimama, ili mbegu na kivuli vibaki. Miti ya mbao hatugusi, karibu na vyanzo vya maji hatugusi. Kisiki haking'olewi wala hakichomwi, kwa sababu miti ya miombo inachipua kutoka kwenye kisiki. Ikipita mvua ya kwanza unakuta machipukizi mengi yamekizunguka, na baada ya misimu michache huwezi kupita bila panga. Kitalu kinarudiwa baada ya miaka 24.

Kila gunia lina ushuru wa kijiji. Kwa pesa hizo vijiji vimejenga madarasa, vimekarabati zahanati, vimelipa posho za doria. Na hapa ndipo nataka wa mjini wanielewe. Adui wa msitu wetu ni shamba jipya. Mkutano wa kijiji unapokaa na vijana wanadai ardhi ya ufuta, mnachoweza kuwajibu ni kimoja tu: msitu huu unatuingizia pesa. Siku mkiuzuia mkaa wetu hilo jibu linakufa, na msitu utagawiwa ekari ekari kihalali kabisa, kwa muhtasari uliosainiwa.

Hesabu Kwanza

Mjumbe, nakuheshimu, mnafanya kazi nzuri. Ila vijiji vyenye utaratibu huo ni vichache mno ukilinganisha na magunia yanayoingia Dar kila alfajiri. Mengi hayana kibali, na yenye kibali hujui kimezungushwa mara ngapi. Mteja sokoni hana namna ya kutofautisha gunia la kitalu chenu na gunia la msitu wa hifadhi. Yote meusi, bei ileile, na la wizi linaweza kuuzwa chini zaidi kwa sababu halijalipa ushuru wa kijiji. Kwa hiyo ninyi mnaofuata sheria ndio mnaoshindwa sokoni.

Pia hiyo miaka 24 inafanya kazi mahitaji yakitulia. Mji ukikua kama unavyokua, shinikizo la kurudi kitalu mwaka wa 12 litakuja, na litakuja na viongozi wa kijiji wakiwa wamelishwa.

Kijana wa Haki

Mimi nashangaa mnavyogombana wenyewe kwa wenyewe. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya gesi joto za dunia. Mei 2024 kule Paris zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi Afrika, wakati waliojaza anga kwa makaa ya mawe tangu karne ya 19 bado wanajadili lini wataacha. Desemba 2023 Hanang maporomoko yameua watu zaidi ya 80. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimekuja hadi Mafia. Sisi ndio tunazika, halafu sisi ndio tunahojiwa kuhusu maharage!

Mpangaji wa Tandale

Naomba niongee kama mtu anayepika. Nina mtungi wa kilo 6 na nina jiko la mkaa, vyote viwili, na karibu kila ninayemjua hapa ana vyote viwili. Gesi ni ya chai ya asubuhi na kupasha kiporo. Maharage, makande, miguu ya ng'ombe, hiyo ni kazi ya mkaa, maana ukichemshia gesi mtungi unaisha katikati ya mwezi na kujaza ni pesa ya mkupuo. Mkaa nanunua nikiwa na mia tano. REA, wakala wa nishati vijijini, wametoa mitungi ya ruzuku huko, vizuri, lakini mtungi wa kwanza haujawahi kuwa tatizo langu. Tatizo ni wa pili na wa tatu.

Umeme? Nyumba yetu ina vyumba sita na luku moja, yaani mita moja ya umeme. Tunachangishana. Ukionekana na jiko la umeme kikao kinaitishwa usiku huohuo.

Mwana Pugu (mleta mada)

Nimesoma zote. Kijana wa Haki, hasira yako ni halali na fidia tuidai, lakini yule mtoto wa wodini kwa Muuguzi hawezi kusubiri mikutano ya Umoja wa Mataifa imalizane. Hesabu, hoja yako ya gunia lisilotambulika ndiyo nzito kuliko zote hapa. Bila lebo ya kijiji inayokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani na sokoni, mpango wa Kilosa utabaki kisiwa. Nakubali, na ndiyo maana sitaki mkaa halali uwe suluhisho la mji. Mji lazima uutegemee kidogo zaidi kila mwaka, ama sivyo miaka 24 inageuka 12 kama ulivyosema.

Ila Mpangaji amegusa penyewe. Sufuria ya presha ya umeme inaivisha maharage bila kumaliza uniti moja. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, mashine zote tisa zimeshakamilika, kwa hiyo umeme upo. Sasa angalia bei. Mtumiaji mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya tozo na kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Wa kawaida analipa 292. Vyumba sita kwenye luku moja vinavuka 75 hata kabla mtu hajawasha jiko. Maana yake wapangaji sita wa Tandale, kila mmoja na taa mbili na feni, wanalipa bei ya juu, na anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye mita yake anapata ya chini. Tunamwambia aache mkaa kisha tunamtoza karibu mara tatu akijaribu.

Muuguzi, unataka tarehe. Nitaikubali tarehe yako ikiwa itatanguliwa na tarehe nyingine: siku ambayo kikomo cha uniti 75 kitahesabiwa kwa kaya, siyo kwa mita.

Muuguzi wa Zamu

Hiyo naichukua, lakini ziandikwe tarehe zote mbili kwenye waraka mmoja. Ya kwako ikiandikwa peke yake, ya kwangu haitafika.

Mpangaji wa Tandale

Na mita ndogo za kila chumba anunue nani? Mwenye nyumba wetu hana sababu ya kutoa hata shilingi, mkaa si yeye anayeuvuta. Mkisema mpangaji anunue, kesho akihamishwa anaiacha ukutani. Hapo bado sijasikia jibu.