Kifuniko cha ndege ndogo kikigoma kufunguka baada ya ajali, mtu atokeje?

Mwanafunzi wa Luano

Wazee na ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Ninajifunza urubani katika ndege ya viti viwili, ya aina ile inayonunuliwa vipandevipande na kuungwa na mwenyewe. Haina mlango hata mmoja. Njia ya kuingilia na kutokea ni moja tu, nayo ni kifuniko angavu kama kioo kilicho juu ya vichwa vyetu, ambacho huteleza kurudi nyuma juu ya reli.

Kinachoninyima usingizi ni ardhi yetu. Ukiruka kutoka uwanja wa ndege wa Luano kuelekea Kipushi au Likasi, chini unaona miombo, nyasi ambazo msimu huu wa mvua zimempita mtu kimo, na vile vichuguu vikubwa vya Katanga ambavyo vingine vinashinda nyumba kwa urefu. Injini ikizimika, na gurudumu la mbele likakutana na kichuguu kilichofichwa na nyasi, ndege nyepesi kama yetu inaweza kupinduka na kulala chali, kifuniko kikiwa chini na uzito wote juu yake. Hapo reli zimepinda, udongo umezuia, na petroli inadondoka.

Naomba kujua mambo mawili. Je, ni vyema kukifungua kifuniko kabla ya kugusa ardhi? Na je, ile nyundo ndogo ya kuvunjia vioo vya gari, ambayo ndiyo tuliyo nayo ndani, inatosha?

Fundi wa Kampemba

Ndugu yangu, nianze na nyundo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapojipa matumaini yasiyo na msingi. Kioo cha ubavuni mwa gari hupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani, hivyo hubaki na mkazo mkubwa uliofungiwa ndani yake. Ncha ndogo ikitoboa uso wake, kioo chote husambaratika kuwa punje. Kifuniko cha ndege yenu kwa kawaida si kioo, ni pleksiglasi, plastiki ngumu na angavu, nayo haina mkazo wa namna hiyo. Ncha ndogo itaacha tundu au ufa mfupi, basi.

Kinachohitajika ni chombo kizito chenye ncha imara au makali, na wakati huohuo kiwe kifupi, maana mtu aliyening'inia kwenye mkanda, huku kichwa kinagusa kifuniko na bega limebanwa na ubavu wa ndege, hana nafasi ya kurusha mkono. Jambo hili si geni. Katika ndege za kivita za Waingereza ziitwazo Spitfire, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, mtaimbo mdogo ulifungwa kwenye mlango wa rubani kwa kazi hiyohiyo. Siku hizi kampuni ya ndege ndogo ya Cirrus, ingawa ndege zao zina milango miwili, huweka nyundo katika kiegemeo cha mkono kilicho kati ya viti vya mbele. Kama mwenye milango miwili ameona haja ya nyundo, ninyi msio na mlango mnaihitaji zaidi.

Usiniamini kwa maneno tu. Nenda kwa mafundi wa mabango mjini, waombe mabaki ya pleksiglasi yenye unene sawa na wa kifuniko chenu, yapigilie kwenye fremu ya mbao, uiinue fremu hiyo kidogo kutoka sakafuni, kisha ulale chali chini yake ukiwa na miwani ya kazi na glovu, na upige. Utaona kwamba pigo la kwanza mara nyingi hutoa ufa tu. Ufa huo ndio mlango wako: mapigo yanayofuata yaufuate kuelekea ukingoni, wala usihamie mahali papya kila mara. Kipande kikishaachia, kisukume nje kwa kiatu au kwa koti lililokunjwa, kwa kuwa kingo zake hukata kama wembe. Kumbuka pia kwamba pleksiglasi iliyopigwa jua siku nzima huwa ngumu kidogo kupasuka kuliko ile ya baridi ya asubuhi.

Kabla ya yote hayo, muulize aliyeiunga ndege kama kifuniko ni pleksiglasi kweli. Kikiwa ni polikaboneti, plastiki nyingine isiyovunjika kirahisi, nyundo itarudi mkononi mwako na kifuniko kitabaki kizima, na itabidi mpange njia nyingine kabisa.

Nyundo yenyewe ifungwe mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote inafikia, kwa sababu mmoja unaweza kuwa umevunjika. Isiachwe mfukoni mwa kiti. Ndege ikipinduka, kila kisichofungwa huruka, na chuma kinachoruka ndani ya chumba kidogo hivyo kinaweza kumjeruhi mtu kabla hakijamwokoa.

Rubani mstaafu

Mwanangu, Fundi amesema vizuri, lakini nyundo ni njia ya mwisho. Mimi ningependa uitumie akili yako kwanza ukiwa bado hewani.

Kuhusu kufungua kabla ya kutua, usitafute jibu moja la ndege zote. Katika Cessna 172, ndege ndogo yenye milango, kitabu cha ndege kinaagiza milango ifunguliwe komeo kabla ya kugusa ardhi, ili fremu ikipinda isiwafungie watu ndani. Sababu hiyo inahusu hata ndege yako, ila utekelezaji ni tofauti. Kifuniko kinachoinukia mbele au pembeni kinaweza kunyakuliwa na upepo na kukuvurugia ndege mita chache juu ya miti, wakati ambapo unahitaji kuitawala kuliko kitu kingine chochote. Kifuniko cha kuteleza kina tabia yake: ndege inaposimama ghafla, nacho huendelea kwenda mbele kwa kasi iliyokuwapo, kikajifunga tena na pengine kubana palepale. Kwa hiyo, kama kitabu cha ndege yako kinaruhusu kukifungua hewani, kifungue kidogo mapema, ukiwa bado na urefu wa kutosha, kisha weka kitu katika mwanya, kwa mfano koti lililoviringishwa na kukazwa, ili kisirudi. Kama kitabu hakiruhusu, au kimenyamaza, muulizeni mbunifu wa ndege hiyo mkiwa chini, wala msifanye jaribio siku ya dharura.

Kabla ya kugusa ardhi, funga mafuta na sumaku za injini, zile zinazotoa cheche za kuiwasha. Umeme ukatwe mwishoni, ukishamaliza kutumia redio na vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Kaza mikanda mpaka iume. Halafu chagua kugonga polepole. Rubani anayeendelea kuirusha ndege mpaka inaposimama, akagusa nyasi kwa kasi ndogo kabisa anayoweza bila kuiacha ianguke, amejipa nafasi kubwa kuliko chombo chochote.

Ukijikuta umening'inia kichwa chini, usifungue mkanda kwanza. Wengi hufanya hivyo kwa hofu, wakaangukia shingo. Zuia mwili kwa mkono mmoja uliokaza dhidi ya kifuniko au fremu, kandamiza miguu, kisha ndipo uachie mkanda kwa mkono wa pili. Ikiwa unaweza kuvunja njia ukiwa bado kwenye mkanda, vunja kwanza, maana ukishaanguka utakuwa umeulalia ule mlango unaoutaka.

Utasikia pia habari za vifuniko vinavyotupwa hewani kwa kuvuta mpini mwekundu. Kwa ndege ndogo, hilo ni jambo la hasa ndege zisizo na injini, ambazo marubani wake huvaa parachuti. Huko wamefika mbali: profesa Wolf Röger wa Aachen, Ujerumani, alibuni kulabu ndogo ya nyuma ya kifuniko inayokifanya kiinuke kwanza upande wa mbele na kuondoka bila kumgonga rubani kichwani. Wewe usiye na parachuti huna haja nacho. Shida yako iko ardhini.

Mwanafunzi wa Luano

Asanteni sana, papa. Nitaomba kitabu cha ndege kesho na nitawatafuta mafundi wa mabango. Limebaki moja. Huku porini watakaofika wa kwanza ni wakulima na wachoma makaa. Wafanye nini?

Muuguzi wa Katuba

Ni kweli, ndio watakaofika kwanza. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, Tanzania, waliofika mapema kwa mitumbwi yao walikuwa wavuvi. Watu 24 walitoka hai kati ya 43, lakini marubani wote wawili walifariki. Watu wa jirani wana nguvu na moyo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaelekeza, na mwenye uwezo wa kuelekeza ni wewe uliye ndani, ukiwa na fahamu.

Ndege yenu ni nyepesi. Wanaume kadhaa wakishika mkia na bawa moja wanaweza kuiinua kiasi cha kuacha mwanya chini ya kifuniko, lakini waweke gogo au mawe kabla mtu yeyote hajaingiza mkono. Wapigie kelele wasivute sigara na waache moto wa makaa mbali, upande unakotoka upepo. Wasikukate mkanda bila watu wawili kukushika mabega na nyonga. Ukilalamika maumivu ya shingo na hakuna moto, wangoje. Ukisikia harufu ya moshi, wakuvute hivyohivyo.

Kama ndege ina parachuti ya kuiokoa yenyewe, ile inayorushwa kwa roketi, waambie mapema wasikae mbele ya tundu inakotokea wala wasikate waya au kuvuta mpini mwekundu. Roketi hiyo inaweza kuwaka baada ya ajali na kuua mwokoaji. Bandikeni maandishi ya Kiswahili na Kifaransa nje ya ndege, karibu na tundu hilo, yenye herufi za kusomeka kwa mbali.

Na abiria wako, kabla ya kila safari, mwonyeshe mahali nyundo ilipo, kisha mwambie afumbe macho na kuigusa. Akikosa, arudie mpaka mkono uijue, ndipo mwashe injini.